Mtutu mlioniuzia haulingani na maelezo yenu

Nzuguni,
Dodoma.

Kwa Meneja wa Mauzo,

YAH: MTUTU WA BUNDUKI YA KUWINDIA, KALIBA .308, USIOSHIKA SHABAHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mtutu huu niliununua kwenu kwa kufuata taratibu zote za kibali, ukafungwa na fundi bunduki mwenye leseni. Maelezo yenu ya mauzo yanasema kwamba kwa mita 100 risasi zake hukaa ndani ya sentimita 3. Ni ahadi kubwa kwa bei ile, na ndiyo iliyonifanya nitoe pesa yangu.

Hali halisi ni hii. Risasi ya kwanza, mtutu ukiwa wa baridi, hutua pale nilipolenga. Ya pili husogea kulia. Kufikia ya tano mtutu umeshapata joto, shimo limepanda juu na kuzidi kulia, na kundi zima la matundu lina upana wa sentimita 10 hivi. Ukiuacha upoe kabisa, risasi ya kwanza inarudi mahali pake, halafu mwendo uleule unaanza upya. Naomba mlitazame hili vizuri. Mpigaji mwenye mkono mbovu hutawanya risasi ovyo. Risasi zake hazifuati njia moja kila mara.

Mkisema ni upepo, Dodoma wakati wa kiangazi una upepo kweli, tena wa kuchosha. Ndiyo maana nilipiga asubuhi na mapema kabla haujaanza, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga. Nilibadilisha darubini. Fundi alikaza skrubu za kitako na kuhakikisha mtutu haugusi mbao popote. Nilitumia risasi za uzito wa greni 150 na za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), za viwanda tofauti. Hakuna kilichobadilika. Kisha tukaurudisha mtutu wangu wa zamani, ambao niliutoa kwa sababu umechakaa, na kwa risasi zilezile ukapiga kundi la nusu ya upana wa huu mpya!

Fundi alipochungulia ndani kwa kamera ndogo alikuta mikwaruzo ya mashine inayokatiza mifereji, ile inayoizungusha risasi ndani ya mtutu, badala ya kwenda nayo. Shaba ya risasi ilikuwa imeganda humo mapema mno, na ukingo wa mdomo, pale risasi inapoagana na mtutu, una kijino upande mmoja. Kuhusu kuhama kwa risasi, mnajua kuliko mimi kwamba kuchonga mifereji kwa kukandamiza huacha mkazo ndani ya chuma, na kwamba chuma hicho hupashwa moto kwa kiwango maalumu ili mkazo utoke. Hatua hiyo ikirukwa, mtutu hujipinda ukipata joto. Wangu unafanya hivyo hivyo.

Sidai mtutu wa bei nafuu uwe sawa na wa mashindano. Mngeandika sentimita 8, kila mteja angejua ananunua nini na angepanga umbali wake wa kupiga. Namba ya uongo ndiyo inayoniumiza. Kwa mita 200, sentimita 10 zinakuwa 20, na hizo zinatosha kumkosa swala pala mapafu na kumpiga tumboni. Mnyama huyo ataranda na maumivu porini, na mwindaji ana wajibu wa kumfuata mpaka ampate. Mimi sikubali kuingia msituni na chombo cha namna hiyo, na sitaki mteja mwingine aingie nacho akiamini maelezo yenu.

Nataka nirudishiwe bei yote ya mtutu pamoja na gharama za fundi. Nataka pia namba ile iondolewe kwenye maelezo yenu, au mwandike mliipataje: risasi ngapi kwa kundi, mtutu ukiwa baridi au moto, na kama ni wastani au ni kundi moja bora mlilochagua. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaipeleka barua hii Tume ya Ushindani.

Mtutu umeshafunguliwa na uko kwa fundi wangu. Karatasi za shabaha na picha za kamera nimeziambatisha. Mkituma mtaalamu wenu kuupima, nitakuwepo, na apige risasi tano mfululizo.

Wenu,
Mwindaji mwenye leseni, Dodoma.