Kwa wazazi wa shule yetu: kabla ya kuhama, hesabuni walimu

Nawasalimu nyote. Wanaonizidi umri, ambao kwenye kikao cha Jumamosi niliwahesabu wawili tu, shikamooni.

Mimi ni yule bibi wa kiti cha nyuma aliyekuwa akiandika kwenye daftari la mjukuu. Mwenyekiti alinipa nafasi mara mbili, nikamshukuru na kubaki nimekaa. Ukumbi ulikuwa umeshagawanyika: huku wanaotaka kuhama kesho asubuhi, kule wanaosema anayehama hana shukrani. Sauti yangu ya uzeeni isingefika popote. Ndiyo maana naandika, likizo hii ya Juni, kabla hamjaanza kulipa ada za muhula wa pili.

Mambo mnayajua. Mama mwanzilishi amechoka, amewakabidhi shule wanawe na mbia wao kutoka Dar es Salaam. Mwalimu mkuu tuliyemzoea ameaga. Meneja mpya, ambaye mimi namwona kijana mwenye haraka tu wala simwoni mtu mbaya, alisimama na orodha yake: ada inapanda, sare zinabadilika, Jumamosi kuna masomo, darasa la sita na la saba wanaingia bweni. Kisha akafunga karatasi na kusema, "Haya yote ni matakwa ya mtaala mpya." Hapo ndipo niliacha kuandika, nikainua uso.

Nilianza kufundisha mwaka 1978 na cheti cha Daraja la Tatu A. Nilistaafu 2017 nikiwa mkaguzi wa shule, hawa mnaowaita siku hizi wathibiti ubora. Katika miaka hiyo yote nimeona mitaala ikija na kuondoka, na kila ulipokuja mpya palikuwa na mtu aliyeusingizia jambo lake. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: chukueni karatasi, mchore mstari katikati. Upande mmoja andikeni yaliyotoka Dodoma, yaani serikalini. Upande wa pili andikeni yaliyotoka ofisini kwa meneja.

Ya Dodoma ni haya. Kuna Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia aliizindua tarehe 1 Februari 2025. Inasema elimu ya lazima ni miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mitaala yake ilianza kuingia madarasani Januari 2024, kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na huo wa amali msiudharau. Fundi umeme mzuri hapa Morogoro sijamwona akikaa njaa.

Mkiisoma sera hiyo ukurasa kwa ukurasa hamtakuta sare mpya. Hamtakuta Jumamosi. Kuhusu bweni, Serikali ilielekea upande wa pili kabisa: waraka wa 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa sababu ambazo mzazi yeyote aliyewahi kumpakia mtoto wa miaka sita kwenye basi la shule na sanduku lake la bati anazielewa. La darasa la sita na la saba waraka haukulikataza, lakini pia haukuliagiza. Ni uamuzi wa shule. Unaweza kuwa mzuri, unaweza kuwa mbaya, ila una mwenyewe, na mwenyewe aulizwe.

Hata vitabu. Vile vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao. Kama kwenye ankara yenu kuna mstari wa "vitabu vya mtaala mpya", ombeni orodha ya vitabu vyenyewe, kimoja kimoja, mjue ni vipi.

Sasa lipo jambo moja la Dodoma ambalo kikaoni halikutajwa kabisa, nami lilininyima usingizi kuliko sare. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 leo wako la tano. Kwa ratiba iliyotangazwa, watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita. Waliowatangulia, walioko la sita leo, watamaliza mwaka huohuo 2027 wakiwa la saba. Madarasa mawili yanamaliza pamoja, na Januari 2028 yote mawili yanabisha hodi kidato cha kwanza. Nyie wenye watoto wa la tano na la sita, hilo ndilo swali la kumpelekea meneja: wa la tano wanafundishwa na nani, wa la sita na nani, na hao walimu wawili wa hesabu waliobaki watagawanywaje? Wa la tano ana mwaka mmoja pungufu wa kukosea. Mkimhamishia shule nyingine ambayo nayo haijajipanga, mmemtoa kwenye mvua mkamweka chini ya paa linalovuja.

Kuhusu mabadiliko ya uongozi nina kumbukumbu ya zamani kidogo. Nilisoma shule ya misheni huko milimani Uluguru. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, Serikali ilichukua shule za mashirika ya dini, yetu ikiwemo. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Wazee walikaa chini ya mti wakalia kana kwamba shule imekufa. Fundi akaja na rangi, akafuta jina la mtakatifu kwenye kibao, akaandika jina la kijiji. Jumatatu tukaingia darasani tukawakuta walimu walewale, fimbo ileile, hesabu zilezile za kugawanya kwa tarakimu mbili. Hatukuona tofauti.

Shule ile kweli ilishuka, lakini baadaye, katika ile miaka ya kuelekea Elimu ya Msingi kwa Wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Madarasa yalijaa watoto, jambo la heri, na walimu wazoefu wakatawanywa kwenda kuanzisha shule nyingine. Nilipopita pale mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya ualimu, kibao kilikuwa kimepakwa rangi upya, kinang'aa. Ndani nilimkuta mwalimu mmoja akihudumia madarasa mawili, ana chaki kipande.

Tangu hapo kibao sikiangalii. Nikifika shule ninahesabu walimu.

Nanyi fanyeni hivyo. Shule ikifunguliwa Julai, msiende siku ya wazazi, kwa sababu siku ya wazazi hata paka wa jikoni anaogeshwa. Nendeni Jumanne saa nne, uji ukishanyweka. Muulize mlinzi ni walimu wangapi wapya na wangapi wameaga tangu Januari. Mlinzi anafungua geti, anajua kuliko ofisi. Muulize mpishi kama mshahara wa mwezi uliopita umeingia. Mkipata mwalimu mnayeaminiana naye, muulizeni kwa upole kama michango yake ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, inapelekwa. Mwenye shule anayekata fedha ya mwalimu bila kuifikisha NSSF hatashindwa kukata na maziwa ya mwanao.

Halafu fungueni madaftari. Acheni alama, angalieni kalamu nyekundu. Mwalimu aliyesahihisha kweli huonekana: ameandika neno pembeni, ameonyesha hatua iliyorukwa, tarehe zake zinafuatana. Ukikuta kurasa tano za vema, vema, vema kwa mwandiko wa kiranja, hapo hapana mwalimu hata kama yuko kwenye orodha ya mishahara.

Lakini muwe na haki pia. Kuna walimu waliondoka kwetu Februari na watu wakamlaumu meneja, wakati yeye alikuwa hajafika. Waliitwa kwenye usaili wa ajira za Serikali, wakapata, wakaenda. Ajira za walimu zikitangazwa, shule binafsi nchi nzima hutetemeka. Mwalimu anataka uhakika wa kazi, anataka pensheni. Ningekuwa kijana ningekwenda na mimi. La kumpima nalo meneja ni muda aliokaa bila kuziba pengo. Wiki tatu, sawa. Muhula mzima, hapana.

Kuna baba mmoja kikaoni alisema shule jirani ni bora kwa sababu ina bango kubwa barabarani, "wa kwanza kimkoa". Ndugu yangu, tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani limeacha kutaja shule kumi bora. Mabango yameendelea kujitangazia yenyewe. Ukitaka kuijua shule ile, fungua tovuti ya Baraza, utafute matokeo ya shule hiyo moja. Chukua upimaji wa darasa la nne wa 2022, uuweke kando ya mtihani wa darasa la saba wa 2025. Hao wanapaswa kuwa watoto walewale. Kama waliingia sitini wakatoka arobaini, uliza ishirini walikwenda wapi. Wachache wamehama na wazazi wao, hilo la kawaida. Wengine huenda walichujwa kwa kutofikisha "wastani wa shule", jambo ambalo Serikali imelikemea si mara moja. Shule inayotupa watoto ili bango lipendeze itakupokea ada yako kwa mikono miwili, na mwanao akiyumba darasa la sita itakuita ofisini umchukue. Hesabu hiyohiyo ifanyeni na kwa shule yetu. Mimi nimeshaifanya, na swali langu nitamwuliza meneja mwenyewe kabla ya kulileta hadharani.

Mnaweza kudhani nasema kwa sababu sikuwahi kukosea. Mwaka 1996 mwanangu wa kwanza alikuwa kidato cha tatu katika sekondari moja ya binafsi. Mkuu wa shule akabadilishwa, maneno yakazagaa, nami nikashikwa na hofu. Nikamhamishia shule yenye jina kubwa na majengo ya ghorofa, katikati ya mwaka. Nilikagua mabweni, nikakagua maabara, nikaonja hadi chakula. Sikuuliza kama wana mwalimu wa fizikia. Hawakuwa naye, na hakuja mpaka watoto wakafanya mtihani wa Taifa. Mkaguzi mzima! Mwanangu alikuwa anataka uhandisi. Leo ana biashara yake ya vipuri, anaishi vizuri, na hajawahi kunilaumu, lakini kila akinipigia simu kuhusu masomo ya mtoto wake husema, "Mama, safari hii tuulize fizikia kwanza."

La fedha nitalisema kwa ufupi kwa sababu kila nyumba ina mfuko wake. Meneja ametoa punguzo kwa atakayelipa ada ya mwaka mzima. Msilipe. Shule iliyo katikati ya kukabidhiana hulipwa muhula kwa muhula, na risiti inawekwa pamoja na cheti cha kuzaliwa. Na yule mama aliyeniambia nje ya ukumbi kwamba atachukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, afidie ongezeko, mwanangu, usifanye hivyo. Rudi tuongee. Shule ya Kayumba, yaani ya Serikali, iliyo jirani na kwako naijua, nimeikagua mara nne. Madarasa yamejaa, sikufichi, lakini mwalimu wa la tatu pale ni bora kuliko nusu ya tunaowalipa. Mtoto anayesoma Kayumba na mama anayelala usingizi atafika mbali kuliko wa ingilishi midiamu ambaye kila jioni anaona wadai mlangoni.

Na kile kibao wanachovalishwa watoto shingoni wakikutwa wanasema Kiswahili? Nilikiona mwezi Mei, kamba nyekundu, kimeandikwa maneno sitayarudia hapa. Hicho si cha Dodoma wala si cha meneja mpya, kilikuwepo tangu enzi za mama mwanzilishi, na sisi wote tulinyamaza kwa sababu tulipenda kusikia watoto wakitusalimia kwa Kiingereza mbele ya wageni. Nami nilinyamaza. Kama tunadai mambo kwa uongozi mpya, hilo liwe la kwanza kwenye orodha. Halina gharama hata ya shilingi moja.

Anayeamua kuhama asihame kimyakimya. Ahakikishe taarifa za mtoto kwenye PREM, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani, ziko sawa na namba yake anayo, uhamisho uombwe kwa utaratibu, na ufanyike mwisho wa mwaka. Aliyeko kwenye darasa la mtihani asiguswe kabisa labda iwe kwa ugonjwa au usalama wake. Anayebaki naye asibaki kwa uvivu wa kutafuta. Tunayo kamati ya shule ambayo kwa mwaka mzima sijasikia imekaa. Majina mawili ya wazazi yawekwe mle, watu wanaoweza kusoma hesabu za fedha na ambao hawana mtoto anayesomeshwa kwa msamaha wa ada.

Mimi Jumanne ya kwanza baada ya kufungua nitakuwa getini saa nne. Atakayependa tuongozane aje na daftari moja la mwanawe, la somo lolote, asilipangie mapema.

Mjukuu wangu anabaki hadi Desemba. Yuko la tano. Mwalimu wake wa hesabu alifanya usaili Dodoma mwezi uliopita, na majibu bado hayajatoka. Nimemwombea apate, halafu nikakaa nikaona nimejiombea msiba.

Wenu,
Bibi wa kiti cha nyuma
Morogoro, Juni 2026