Salamu za Idd el Fitri: Tuwahi Kabla ya Bashrafu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na marafiki wa Unguja na Pemba, wa Bara, na nyinyi mnaosali Idd ugenini, Muscat, Dubai, London na kwengineko: Idd Mubarak. Taqabbala Allahu minna wa minkum. Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, awaponye walio vitandani, awarehemu waliotangulia, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani.

Sikukuu ya mwaka huu imetukuta na mifuko myepesi. Mchele ulianza kupanda tangu Rajabu, sukari ikafuata, na mafuta ya kupikia sasa yananunuliwa kwa kikombe. Nyumba nyingi futari imepikwa kwa hesabu. Watoto wengine wamevaa nguo za mwaka jana zilizofumuliwa pindo, na hakuna ubaya, wamependeza. Hata muuza kahawa wetu wa kibarazani amepandisha bei ya kikombe. Alituomba radhi mmoja mmoja, dele mkononi, kana kwamba yeye ndiye aliyepandisha bei ya mkaa. Hakuna aliyenung'unika. Tulikunywa na kashata zetu, tukakaa baada ya tarawehe mpaka saa tano za usiku, na mazungumzo yakaishia pale yanapoishia kila mwaka Idd ikikaribia: chama chetu cha taarabu, Ikhwani Safaa, watapiga lini?

Mimi huona fahari kila nikikumbuka kwamba swali hilo limeulizwa na babu zetu kwenye vibaraza hivi hivi. Mwaka 1905 vijana wa mjini walipounda chama chao cha muziki walikiita Nadi Ikhwani Safaa, na jina hilo lina uzito. Nadi ni pahala pa kukutana, ikhwani ni ndugu, safaa ni usafi wa moyo. Taarabu yenyewe ilikuwa imeshafika kasri. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri Mohammed Ibrahim akajifunze kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Lakini taarabu ya kasri huisikia aliyealikwa. Vijana wa 1905 waliitaka iwe yao, wakajikusanya, wakafundishana. Miaka hiyo ya mwanzo waliimba Kiarabu, na waliokaa barabarani wengi waliona raha ya sauti bila kuelewa neno. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, ndiye aliyeifikisha taarabu kwa kila mtu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi. Mwaka 1958 wakaja Culture, chama chengine cha taarabu, na mashabiki wa pande mbili hawajamaliza kubishana hadi leo.

Fikirini nadi hii imepita wapi. Vita vikuu viwili, Mapinduzi ya 1964, redio, kaseti, televisheni, kisha kinanda cha umeme na taarabu ya kisasa iliyowajaza watu kumbi zote. Mwaka 2005 ilitimiza miaka 100. Beit al Ajaib, kasri aliyoijenga Barghash 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 nasi tukitazama, na mpaka leo nikipita Forodhani moyo hushtuka. Nyumba ya mfalme imeanguka, na chama cha watu wasiokuwa na kitu isipokuwa fidla na udi kimebaki. Kimebaki kwa tabu. Kanuni moja ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na zikikatika si za kuokota dukani. Fundi wa kuifunga na kuilinganisha hapatikani kila mtaa.

Sasa niseme lililo moyoni. Mwaka huu nimezikwa nusu. Ami yangu, mdogo wake baba, ametutoka mwezi wa Shaaban. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikiwa skuli ya msingi akanipeleka taarabu kwa mara ya kwanza, na alikuwa na sharti moja: tufike kabla ya bashrafu, ule muziki wa ala tupu unaofungua taarabu. Akisema anayefika baada ya bashrafu amekuja kutazama nguo. Alikunywa vikombe viwili vya kahawa chungu, akavaa koti juu ya kanzu, tukaenda. Idd iliyopita, sikukuu pili, aliniomba nimpeleke. Miguu ilikuwa imeshavimba. Mimi nilikuwa nimechoka, nina wageni, nina madeni, nikamwambia, "Ami, mwakani inshaallah." Akaitikia, "Inshaallah," akaligeuza koti likarudi msumarini. Sikumwona tena akilivaa.

Ndiyo maana nawaombeni, ndugu zangu, msinichoke. Aliye na mzee ndani ya nyumba, mzee akisema nipeleke, ampeleke leo. Mwakani si yetu. Waliokhasimiana wapeane mikono kabla ya jua la sikukuu mosi kuchwa, kwani mtu hafungi siku thelathini kisha akala Idd na chuki tumboni. Zakatul fitri tumeshatoa, lakini njaa ya jirani haikwishi asubuhi ya sala, basi sahani ya pilau ivuke ukuta. Watoto tusiwape mkono wa Idd tu wakaumalize kwenye mabembea ya Mnazi Mmoja. Tuwapeleke wakashike udi, wakashike kanuni. Chuo cha muziki cha DCMA kipo tangu 2002, nacho mwaka 2019 kilikuwa karibu kufunga milango kwa ukata. Na tukienda taarabu tulipe kiingilio. Tusitake kuingizwa kwa undugu, kwani undugu wenyewe ndio huo wa kulipa. Tukiinuka kuwatunza waimbaji, tutunze kwa moyo.

Mke wa ami yuko edani. Wanawake wa ukoo, nendeni mkamwamkie, msimwachie sikukuu ya kimya.

Mimi, inshaallah, sikukuu pili baada ya Isha nitakwenda kusikiliza. Nimetenga pesa za watu wawili. Wa pili ni mjukuu wa ami, wa miaka tisa, ambaye tangu juzi ananiuliza bashrafu ni nini. Nimemwambia tutatoka mapema.

Kullu aam wa antum bikheir. Mungu awape Idd ya kheri, riziki ya halali na umri wenye baraka, nyinyi na wenenu wote.