Taarifa ya Mwenyekiti wa Bodi kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu Afisa Ushirika, ndugu wajumbe wa Bodi na Kamati ya Usimamizi, ndugu wanachama wa SACCOS yetu, chama chetu cha ushirika wa akiba na mikopo,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, sitawachosha. Mikopo ya dharura, elimu na maendeleo imetolewa, semina imefanyika, ukaguzi umekamilika. Wanachama tuko 412, hisa shilingi milioni 61, akiba na amana milioni 538, mikopo iliyo nje milioni 497, iliyochelewa milioni 44. Makabrasha mnayo.

Nije kwenye maneno yanayozunguka kwenye kundi la WhatsApp, kwamba Mwenyekiti ameuza chama. Nasema mbele yenu wote: hakuna kilichouzwa. Tumenunua hisa za milioni 5 katika Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 28 Aprili 2025 baada ya KCBL, benki ya ushirika ya Kilimanjaro ya hapa kwetu Moshi, kuungana na TACOBA, benki ya jamii ya Tandahimba. Pia tumeingia mkataba na vyama jirani viwili wa kutumia mfumo mmoja wa kompyuta na kuwekeana amana.

Sababu ya mkataba ni hii. Kila Januari walimu na watumishi wetu wanataka mkopo wa ada kwa pamoja, na fedha hazitoshi. Fomu zinakaa mezani kwa meneja wiki tano, mwanachama anakimbilia kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri. Mwezi huohuo SACCOS ya wakulima wa kahawa, hapo jirani, ina fedha za mauzo zimelala, wala haizihitaji mpaka wakati wa palizi na dawa. Januari hii wametuwekea milioni 40 na ada zimelipwa kwa wakati. Ushindani wetu ni mikopo ya simu inayotoka kwa dakika mbili. Kwa daftari hatuuwezi. Mfumo ule wa kompyuta tungeununua peke yetu kwa milioni 18. Kwa kugawana tumelipa milioni 7.

Wapo wanaotaja KUSCCO, muungano wa SACCOS za Kenya, ambako ukaguzi ulibaini upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya. Hofu hiyo naiheshimu. Ndiyo maana nilisisitiza, na wajumbe wenzangu ni mashahidi, kwamba kila amana iwe na kikomo na hati yake, na Kamati ya Usimamizi ya kila chama ikague vitabu vya mwenzake kila robo mwaka. Bila kipengele hicho nisingetia saini.

Mnasema hamkushirikishwa. Mkutano maalumu wa Agosti uliitishwa kwa barua na kwa ujumbe wa simu, akidi haikutimia. Ulipoitishwa tena walikuja 58, wakajadili hadi saa kumi jioni, wakapitisha. Inaniuma kusikia lawama kutoka kwa ambao hawakutia mguu siku zote mbili. Na wanachama 137 bado hawajakamilisha hisa zao, huku Bodi ikifuatilia mkataba huu kwa nauli ya mfukoni.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kuvuta vijana wengi zaidi, kupata kiwanja cha ofisi, na pengine vyama vingine kujiunga nasi. Wenye hisa pungufu wamwone meneja leo kabla hawajaondoka ukumbini.

Naomba kuwasilisha.