Wanangu wa maiki na kamera, tokeni msibani

Wanangu mnaoishi kwa video za mitandaoni, marahaba kwa salamu zenu. Leo nina hasira, na mtanisikiliza.

Juzi jirani yangu amezika mtoto. Amekaa mkekani, kanga imemfunika hadi machoni, wanawake wamemshika mabega. Wakaja vijana na maiki zenye nembo. Mmoja akapenyeza ya kwake katikati ya wale kina mama: "Mama, unajisikiaje?" Hakujibiwa. Akauliza tena, safari hii maiki imegusa kidevu cha mfiwa. Jioni video iko hewani, uso wa marehemu umezungushiwa duara jekundu na mshale, na maandishi makubwa: SIRI NZITO, MAMA AFUNGUKA. Afunguke nini? Mtoto kaondoka kwa malaria. Hakuna siri pale.

Ifuteni video hiyo. Kisha nendeni kwake bila kamera, mkamwombe radhi.

Najua mtasema, mama, tunatafuta riziki. Haya, tuiongelee riziki. YouTube hawakuingizi kwenye mgawo wa matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000, na juu yake ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo, kwa video ndefu unapata asilimia 55 ya fedha ya matangazo, wao wanabaki na 45, na hela haitoki mpaka itimie dola 100. Tena tangazo linalotazamwa Temeke halilipwi sawa na linalotazamwa Marekani. Kwa hiyo anayekula kwa kiki anahitaji watazamaji wengi mno, na anawahitaji kila siku. Leo msiba, kesho talaka ya watu, keshokutwa unamzushia kifo mtu aliyekaa kwake anakunywa chai. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Msije mkasema hamkuambiwa.

Hata tuiache sheria. Wale waliotazama walikuja kumwona mama analia. Jina lako hawakulisoma. Kesho ukiwatangazia sabuni, nani atainunua kwako?

Mtaani kwetu yupo binti fundi cherehani. Anasimamisha simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatandika kitambaa, anachora kwa chaki, anaeleza polepole kwa nini bitana ikatwe kabla ya mkono wa gauni. Akikosea, anafumua mbele yenu na kueleza kosa liko wapi. Wafuasi wake si wengi. Lakini anafundisha kwa ada kwenye kundi la WhatsApp, anauza vielelezo vya kukatia, wateja wanamtumia vipimo kutoka Mbeya na hata Muscat. Na ana daftari: jina, namba ya simu, alichonunua, lini. Akaunti yake ikifungwa usiku wa leo, kesho asubuhi anawapigia wateja wake. Wewe mwenye laki tatu za wafuasi, ungempigia nani? Vine, mtandao wa video fupi, ilikuwa na watu wake maarufu, ikazimwa Januari 2017, na waliokuwa hawana pengine pa kwenda wakapotea nayo.

Mengine nayasema kwa kifupi. Chagua unamhudumia nani. Hela ya kazi isichanganyike na ya kula. Usisaini mkataba wa ubalozi wa bidhaa usiouelewa. Usitangaze dawa usizozijua. Ulizeni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kama kazi yenu inahitaji leseni. Kodi mlipe, wenzenu Kenya wanakatwa asilimia 5 ya mapato ya maudhui tangu sheria ya fedha ya 2023. Pumzikeni, wanangu, maana mnakesha mno na macho yamewaingia ndani. Hilo linaniuma kuliko mnavyodhani.

Lakini si vijana peke yao. Nyie wenye kampuni, kijana akija na kazi yake mnamuuliza ana wafuasi wangapi, hamuulizi amewapataje. Fedha zenu ndizo zinazomtuma msibani. Na sisi wazee tunaolaani asubuhi, usiku tunaifungua ile ile video na kuitupa kwenye kundi la familia. Wakati huo kuna mjane anayetafuta mtu wa kumweleza kwa Kiswahili chepesi hatua za kufungua mirathi mahakamani, na mgonjwa wa kisukari anayetaka kujua ale ugali kiasi gani. Kijana mwenye simu akimleta mwanasheria au mtaalamu wa lishe aeleze hayo vizuri, mlipeni.