Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni, kimbilia maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wazazi wenzangu jambo kuhusu minyaa, ile miti isiyo na majani, yenye vitawi kama penseli, iliyozunguka maboma yetu huku Ismani.

Mwezi Oktoba nilimtuma mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, apunguze ua uliokuwa umefunika njia. Alipiga panga mara mbili tatu, utomvu ukamrukia jicho la kulia. Alijifuta kwa mkono uleule uliokuwa na maziwa ya mti, akaendelea na kazi. Mwanzoni halikumuuma sana. Giza lilipoingia alikuwa analia, kope zimevimba, hawezi kutazama hata mwanga wa koroboi. Jirani anayenyonyesha akaja kumkamulia maziwa jichoni, kama tulivyozoea tangu zamani. Nami niliruhusu. Asubuhi muuguzi wa zahanati aliliosha jicho lile kwa chupa nzima ya maji ya dripu, akatuandikia rufaa ya kwenda mjini. Alikaa zaidi ya wiki akiona ukungu tu. Namshukuru Mungu limepona, ila utomvu huu huchubua kioo cha jicho, na wapo wanaobaki na kovu.

Sisemi tung'oe minyaa. Ukichomeka kitawi chake hivihivi ardhini kinashika, hakidai maji, mbuzi hawakigusi. Baraza la kata likija kwenye ugomvi wa shamba, wazee huonyesha mnyaa kwanza kuwa ndio mpaka. Wamasai wanauita emanyara, na Ziwa Manyara limepata jina humo. Mti huu umetufaa.

Lakini tuache kuufanya dawa ya kila kitu. Wapo wanaopaka utomvu kwenye chunjua, wakaunguza na ngozi nzima ya pembeni. Wapo wanaomnywesha mtu aliyeumwa na nyoka, naye anaishia kutapika na kuhara huku sumu ya nyoka ikiendelea na kazi yake. Kuhusu watoto nina hofu zaidi: tangu Dkt. Denis Burkitt alipoieleza ile saratani ya taya za watoto akiwa Uganda mwaka 1958, watafiti wameutaja mnyaa miongoni mwa vichocheo vinavyoshukiwa. Na wanaoutwanga kulevya samaki wajue kwamba kuvua kwa sumu ni kosa kisheria.

Ombi langu ni kwa walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii: waambieni watoto kwamba utomvu ukiingia jichoni ni maji safi papo hapo, mengi, robo saa nzima bila kusita, kisha zahanati hata kama haliumi. Si maziwa ya mama, si mafuta, si kusubiri asubuhi.

Jumamosi tunamalizia ua wetu. Nitakata mwenyewe, nimevaa miwani na shati la mikono mirefu, na ndoo mbili za maji zitakaa pale pale mlangoni.

Mkulima na mzazi,
Ismani, Iringa