Kabla tingatinga halijafika: barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni na Turathi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni na Turathi,
Nairobi.

KUH: SAJILI YA MAJENGO YA KALE KUTOKA KWENYE POSTIKADI

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu maduka ya mawe, stesheni za mbao na mabati, nyumba za maafisa na hoteli ndogondogo zilizochipuka kando ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Voi, Makindu, Kijabe, Naivasha, Londiani, Muhoroni: katika miji kama hii, jengo likishaangushwa, mara nyingi hakuna mchoro wa kulikumbuka. Kilichobaki ni postikadi, kipande cha karatasi ngumu cha sentimita 9 kwa 14 ambacho mtu alikinunua, akakibandika stempu na kukituma ng'ambo. Leo kimelala ndani ya boksi la viatu, au kinauzwa mnadani London.

Ombi letu ni moja. Agiza Makavazi ya Kitaifa na Idara ya Nyaraka za Kitaifa watengeneze kwa pamoja sajili ya majengo yanayoonekana kwenye postikadi na picha za kale, kila picha ikiwa imefungwa kwenye kiwanja chake halisi, kisha kaunti zitakiwe kuifungua sajili hiyo kabla ya kuidhinisha kubomoa au kujenga upya. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inakupa uwezo wa kutangaza jengo kuwa turathi. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 imeiachia kaunti kalamu ya kibali. Kati ya hizo mbili pana mwanya: afisa aliyepelekewa ombi mezani anaona ramani ya ghorofa jipya tu, wala hana pa kutazama kile kinachoondoka.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo mikubwa. Skana ya mezani, kompyuta moja, diski mbili za nje na watu wawili makini wanatosha kuanza. Kila postikadi iskaniwe pande zote mbili, hata kama nyuma hapana kitu, kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Kwa kipimo hicho upande mmoja unatoa takriban pikseli 2,126 kwa 3,307, yaani faili la picha la TIFF, lisilopunguzwa ubora, la rangi lenye megabaiti kama 21. Kadi 1,000, mbele na nyuma, ni gigabaiti 42 hivi, mzigo unaoingia kwenye flashi ya mfukoni. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia mradi huu unasubiri jumba jipya la kompyuta, muulize hesabu yake.

Mambo huharibika kwenye vitu vidogo. Skana nyingi huja zikiwa zimewashwa programu ya kufuta vumbi na kulainisha picha. Isipozimwa, inafuta vumbi pamoja na waya wa simu na misumari ya mabati. Faili asilia liachwe jinsi lilivyo, na usafishaji wowote ufanywe kwenye nakala. Namba ya kadi iandikwe nyuma kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino. Selotepu, gundi na kulaminetiwa ni marufuku: plastiki ikishayeyushwa juu ya picha haitoki tena. Albamu za bei nafuu zenye kurasa za plastiki ya PVC nazo hutoa kemikali zinazokula picha polepole, basi zitumike bahasha za poliesta. Na picha iliyotengenezwa kwa jelatini isiwekwe kwenye fremu ikigusa kioo, kwa sababu unyevu wa msimu mmoja wa mvua unatosha kuigandisha hapo.

Kabla ya kusoma jengo, soma karatasi. Lenzi ya kukuza mara 10 inatenganisha aina tatu. Ukiona vitone vilivyopangwa kama wavu, hiyo ni chapa ya mashine, na kuikuza zaidi kutakuzia vitone tu. Ukiona mikunjo midogo isiyo na mpangilio, kama ngozi ya mkono wa mzee, hiyo ni kolotaipi, chapa ya kale ya bamba la jelatini, na ndani yake mna habari zaidi. Ukiona kijivu kinachofifia taratibu bila vitone wala mikunjo, umeshika picha halisi iliyosafishwa kwenye chumba cha giza, na hapo unaweza kuhesabu mabati.

Tunaposema kuhesabu mabati hatutanii. Mabati ya zamani mara nyingi yalikuwa na mawimbi ya inchi 3 kutoka kilele hadi kilele. Mawimbi 40 kwenye ukuta uliopigwa picha kwa mbele ni futi 10. Linganisha na urefu wa mlango au safu za mawe, na vipimo vikikubaliana, una upana wa duka ambalo halipo tena. Picha ikiwa imepigwa kwa mshazari hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu mawimbi ya upande wa mbali yanabanana.

Tarehe nayo ina mitego. Muhuri wa posta unakwambia picha haikupigwa baada ya siku ile, basi. Wachapishaji waliuza shehena moja kwa miaka. Upande wa nyuma unasaidia. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 ujumbe na anwani kuandikwa upande mmoja; kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani tu, ndiyo maana kwenye kadi za awali kabisa mtu ameandika salamu zake juu ya anga la picha. Stempu zinaongeza ushahidi: anna, vijisehemu vya rupia, zilipisha senti za rupia kuanzia 1907, sura ya Mfalme Edward VII ikapisha ya George V mwaka 1912, jina "Kenya and Uganda" likaja 1922 na Tanganyika ikaongezwa 1935. Kwenye sajili, kila picha ipewe tarehe mbili, "si kabla ya" na "si baada ya". Mwaka mmoja mtupu ulioandikwa kwa kujiamini ndio kosa linalonakiliwa kwenye kila kitabu kitakachofuata.

Nairobi yenyewe, iliyokuwa mji mdogo wa mabati picha hizo zilipopigwa, ina majengo ya kutosha ya kutufunza kazi kabla hatujapanda gari kwenda Londiani. Soko la Wahindi lilichomwa moto kwa sababu ya tauni mwaka 1902, kwa hiyo vibanda vile vikionekana vimesimama, unajua uko upande gani wa moto. Kipande House ilijengwa 1913, lakini vipande vyenyewe, vile vitambulisho walivyolazimishwa Waafrika kubeba, vilianza kutolewa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Usitafute jina hilo kwenye maelezo ya kadi ya 1914. Iliyokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ya mwaka huohuo wa 1913, sasa ni Nairobi Gallery. Na majina ya barabara yamehama: Government Road ndiyo Moi Avenue, Victoria Street ndiyo Tom Mboya, Hardinge Street ni Kimathi, Bazaar Street ni Biashara, na Kenyatta Avenue ilishaitwa Sixth Avenue kisha Delamere. Karani asiye na jedwali la majina haya mkononi ataandikisha jengo moja mara tatu.

Maelezo yaliyochapwa chini ya picha yanakiliwe neno kwa neno, pamoja na makosa yake, na masahihisho yakae kwenye safu ya pembeni. Mpiga picha kama William D. Young, aliyefuata ujenzi wa reli, aliijua njia. Lakini kadi nyingi zilichapwa Ulaya na watu ambao hawajawahi kuiona Afrika Mashariki. Wakichanganya vioo viwili vya negativu, stesheni inahama kilomita 100. Tena stesheni ndogo zinafanana kama mapacha. Kinachozitofautisha ni kilima kilicho nyuma, mkunjo wa reli, tangi la maji liko upande gani, na ukibahatika, kibao chenye kimo cha stesheni juu ya usawa wa bahari kwa futi. Kioo kikigeuzwa wakati wa kuchapa, mji mzima unageuka kushoto kulia, kwa hiyo angalia maandishi ya kwenye maduka, na kama hakuna, angalia vifungo vya makoti viko upande gani.

Rangi ndiyo balaa kubwa, na hapa tunaomba uwe mkali. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ilipakwa kiwandani kwa kubahatisha. Paa la mabati likapakwa nyekundu kwa sababu aliyeipaka rangi alizoea nyumba za vigae. Mkandarasi wa leo akipewa kadi hiyo kama mwongozo ataezeka vigae mahali ambapo hapakuwa na kigae. Dawa yake ni kuangalia umbo: vigae vya Mangalore, vile vya udongo vya mtindo wa India, huacha mistari ya safu ikikatana, mabati huacha mifereji iliyonyooka kutoka kilele cha paa hadi ukingo. Rangi ya ukuta usiitoe kwenye kadi kabisa. Ikwangue kwenye ukuta wenyewe, nyuma ya fremu ya mlango, ambako tabaka la kwanza huwa limejificha.

Kivuli ni shahidi asiyehongwa. Katika miji hii iliyo karibu na ikweta, jua la saa sita mchana huwa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, na kusini miezi iliyobaki. Duka linalotazama kusini likiwa limemulikwa usoni saa sita, picha hiyo ni ya kati ya Oktoba na mapema Machi. Ukijua hilo, unajua pia mpiga picha alisimama wapi. Simama hapohapo na simu yako, linganisha pembe mbili za majengo yaliyobaki na kilele cha kilima, kisha andika latitudo na longitudo. Hatua hii ya kwenda uwanjani ndiyo huachwa pesa zikipungua, na bila hiyo sajili inabaki albamu.

Wazee waulizwe, lakini kwa utaratibu. Wapelekee nakala kubwa ya A4 iliyofichwa maelezo, mmoja mmoja. Ukiwakusanya barazani, wa kwanza kusema "hapo ni kwa fulani" anawavuta wote.

Tuseme pia postikadi inachokificha. Ilichapwa ili iuzwe, na wanunuzi walitaka stesheni, kanisa, hoteli na barabara kuu. Pangani ya kale, mtaa wa Nairobi uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, utaitafuta sana kwenye kadi za Nairobi. Vivyo hivyo landizi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, na vijiji vya pembezoni. Sajili ikijazwa kwa postikadi peke yake, itahifadhi mji wa wakubwa na kuusahau wa wengine, kwa hiyo milango iwe wazi kwa picha za familia, za misikiti na za misheni, na kwa michoro ya shirika la reli.

Hati nyingi ziko nje ya nchi, na hapa saini yako ina uzito kuliko barua 50 zetu. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kuanzia miaka ya 1860. Hifadhi ya nyaraka ya Uingereza ina picha za iliyokuwa wizara ya makoloni chini ya namba CO 1069. Tusidai karatasi tu, tudai mafaili makubwa na ruhusa ya kuyachapisha. Kwa kadi za kale haki zenyewe si kikwazo: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ulinzi wa picha ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, kuonyeshwa au kuchapishwa, ule wa mwisho kati ya hiyo. Kadi iliyouzwa 1910 imeshatoka kifungoni zamani.

Na jengo likiokolewa, lisiuawe na ukarabati. Mawe laini ya volkano yaliyojenga miji yetu yanapumua. Ukiyapiga plasta ya saruji, maji yanayoingia juu hayana pa kutokea. Uso wa jiwe unavimba na kubanduka kama magamba, na fundi anaongeza saruji nyingine. Udongo wa kuunganishia mawe uwe wa chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, na ukuta ulowanishwe kabla, ukauke chini ya magunia mabichi. Baraza la mbele lililokatwa barabara ilipopanuliwa lirudishwe tu kama kadi zisizopungua mbili, za wachapishaji tofauti, zinalionyesha.

Tunapendekeza uanze na ile miji sita tuliyoitaja mwanzoni. Kwa Voi na Makindu, usafiri wa abiria kwenye reli ya zamani kati ya Nairobi na Mombasa ulikoma mwaka 2017 reli mpya ilipofunguliwa, na jengo lisilo na kazi halichukui muda mrefu kupoteza milango, halafu madirisha, halafu mabati. Kila mji upewe siku 5 za uwanjani, afisa mipango wa kaunti akiwemo, na kila picha iwekwe daraja la uhakika: imethibitishwa uwanjani, inaelekea, au haijulikani. Daraja la tatu lisionewe aibu.

Kadi tulizo nazo tutazileta ziskaniwe bila malipo. Tunachohitaji ni barua ya wizara inayotaja afisa wa kuzipokea, na stakabadhi yenye namba ya kila kadi.

Wako,

Wakusanyaji wa postikadi, wapima majengo na watunza nyaraka,
Nairobi.