Barua kwa kipa wangu

Boise, Idaho
9 Julai 2023

Ndugu yangu kipa,

Salamu nyingi kutoka huku. Watoto wazima, na magoti ya mama yamepoa kidogo tangu joto lianze. Habari ya Mashujaa kuwatoa Mbeya City na kupanda Ligi Kuu ilinifikia nikiwa jikoni, nikapiga kelele mpaka mama akaja kuuliza nani kafa. Najua Kigoma hakukulalika.

Nisamehe kukaa kimya. Na mimi nilikuwa na timu yangu, na mwisho wake uliniuma hata kalamu sikuitaka.

Timu inaitwa Idaho Steelheads, ya hoki ya barafuni. Kiwanja kiko katikati ya mji, kimeshikana na hoteli, kinabeba watu kama 5,000. Nilianza kwenda kwa sababu jirani alikuwa na tiketi ya ziada. Wanacheza watano na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20, na wanabadilishana mchezo ukiendelea: mmoja anaruka ukuta kuingia, mwenzake anaruka kutoka, refa hapulizi filimbi. Mpira wenyewe ni kisahani cha raba, wanakiita paki, na kabla ya mechi kinagandishwa ili kisidundedunde. Kinakwenda kwa kasi ambayo jicho langu lilichukua miezi kuizoea.

Lakini mimi macho yangu yako kwa kipa, unanijua. Mkono mmoja ana glovu ya kudakia, mwingine ana ngao, miguuni kama amefunga magodoro. Mbele yake wenzake na wapinzani wanasimama kwa makusudi wamzibe asione, naye anachungulia katikati ya miguu yao. Nikakukumbuka kambini Nyarugusu, vumbi jekundu limetimka golini, unanifokea, “Toka mbele yangu!”

Ligi hii, ECHL, ni ngazi ya tatu. Juu kabisa ni NHL, katikati AHL. Steelheads wako chini ya Dallas Stars wa NHL, na kati yao kuna Texas Stars wa AHL. Ila huku timu haipandi daraja kama Mashujaa, hata ishinde kila kitu. Anayepanda ni mchezaji. Anapigiwa simu, anafunga begi, anaondoka, na wenzake waliobaki wanamaliza mechi bila yeye. Kocha anaweza kupoteza watu wake bora wiki ya mechi kubwa, na hana la kusema. Nyumba wanapewa na klabu, safari ni basi. Timu ya jirani iko Utah, mwendo wa saa tano. Vijana wengi wa pale hawatafika NHL, na wanajua, lakini wanajitupa mbele ya paki kuizuia kwa mwili. Hilo ndilo lililonishika.

Wako waliofika. Jay Beagle alibeba Kelly Cup, kombe la ligi hii, na Steelheads hapa mwaka 2007. Baadaye akabeba Calder Cup ya AHL, halafu Stanley Cup ya NHL na Washington mwaka 2018. Kabla yake hakuna mchezaji aliyekuwa amebeba yote matatu. Mtu ukishamjua huyo, kila kijana wa benchi unamtazama kwa jicho jingine.

Msimu huu sasa. Mechi 72, wameshinda 58. Wamepoteza 11 ndani ya muda wa kawaida, na tatu baada ya hapo, ambazo kila moja inakupa pointi moja. Ushindi huku ni pointi mbili, kwa hiyo jumla 119. Tangu ligi ianzishwe mwaka 1988 hakuna timu iliyowahi kufika hapo! Mtoano wakapita, raundi baada ya raundi, mpaka fainali na mabingwa watetezi, Florida Everblades.

Nne bila, ndugu yangu. Fainali ni wa kwanza kushinda mechi nne, na Florida walizishinda zote mfululizo, wakabeba kombe mara ya pili mfululizo. Mchezaji bora wa mtoano akawa kipa wao, Cam Johnson, na ni haki yake. Tulikuwa tunapiga, anadaka. Nilikuwa namchukia na kumheshimu kwa pumzi moja.

Niliporudi nyumbani sikula. Mke wangu akaniuliza kama mshahara umepotea. Sikujua nimweleze vipi: timu iliyokuwa bora tangu Oktoba mpaka Juni, na wengi wa vijana wale huenda nisiwaone tena, maana mikataba ni ya msimu mmoja na kila kiangazi kikosi kinavunjika.

Oktoba nitarudi kwenye kiti changu. Wewe Mashujaa wakicheza mechi yao ya kwanza ya Ligi Kuu pale Lake Tanganyika, niandikie yote. Anza na kipa: anasimama wapi, na anawafokea mabeki wake?

Wako,
beki wako wa kushoto